Nyumba Isiyo na Bunduki Msimu wa Kulungu

Kule Alder Fork, kaskazini mwa Wisconsin, ukimwambia mtu kwamba nyumbani kwako hakuna hata bunduki moja, na Novemba ndiyo hiyo imeshaingia, atakuuliza kama unaumwa. Atakuuliza kwa upole, na jioni atakuletea supu.

Arlys Brandvold aliletewa supu mpaka friji ikakosa nafasi ya maziwa.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na binti gerezani, mbali kusini, Oklahoma, na binti huyo, Joelle, alikuwa amekubaliwa kutoka kwa parole, yaani kumalizia kifungo chake nje chini ya uangalizi. Lakini kutoka ni jambo moja na kurudi nyumbani ni jingine. Mfungwa wa Oklahoma akitoka kwa parole bado ni wa Oklahoma. Akitaka kwenda kuishi jimbo lingine, sharti jimbo hilo likubali kumpokea na kumchunga. Wisconsin ilisema itafikiria. Kwanza itatuma afisa aje aikague nyumba ya mama. Ikionekana silaha humo ndani, hata risasi moja iliyosahaulika ndani ya soksi, jibu ni hapana. Na jibu likiwa hapana, Joelle angeachiwa huko huko Oklahoma, ambako nje ya ukuta wa gereza alimjua mtu mmoja tu. Huyo mtu aliitwa Rusty, na ndiye aliyemwambia siku ile, "We endesha tu, mpenzi, ni mzigo wa rafiki yangu."

"Rusty amesema ana chumba," Joelle alimwambia mama yake kwenye simu.

"Na mimi nina shoka."

"Mama! Simu hii inarekodiwa."

"Basi na warekodi vizuri. Nina shoka la kupasulia kuni, linakata, na njia ya Oklahoma naijua."

Joelle akacheka. Miaka yote ile gerezani ilikuwa imemwondolea mengi, lakini kicheko hakikuguswa: bado kilianzia puani kama cha baba yake. Mara sauti ya mashine ikajipenyeza katikati yao, kama mgeni asiye na adabu, kuwaambia muda wao unakwisha.

"Mama, toa bunduki zote. Zote, Mama. Hata ile."

"Hata ile."

"Anko Verlyn atakubali?"

"Atakubali, au atakubalishwa." Simu ikakatika.

"Ile" ilikuwa bunduki ya babu yake Joelle, mzaa baba, yenye kitako cha mti wa jozi kilichong'aa kwa kushikwa. Ilitundikwa juu ya mlango wa jikoni tangu nyumba ijengwe. Ukoo wa Brandvold una utaratibu wao nayo: mtoto wa mwisho kuangusha kulungu wake wa kwanza kwa bunduki hiyo ndiye mwenyewe, mpaka atokee mtoto mwingine. Na jioni ya kuamkia msimu wa kuwinda sharti iwe pale pale ukutani, imevishwa mdomoni kofia ya Babu ya kuwindia, ya rangi ya machungwa. Isipokuwepo, eti hakuna Brandvold atakayeona hata mkia wa kulungu. Mwenye bunduki kwa sasa alikuwa Joelle. Aliangusha kulungu wake akiwa na miaka kumi na miwili, kwa risasi moja, na baba yake, Harlan, alitokwa na machozi na kusingizia baridi.

Harlan alishakufa. Aliyebaki kuzilinda mila alikuwa mdogo wake, Verlyn, mtu mnene, mwepesi wa moyo, asiyejua kubisha hodi. Si kwa utovu wa adabu. Alder Fork hakuna anayebisha hodi, kwa sababu hakuna anayefunga mlango. Unarudi kutoka kazini, unakuta mezani soseji za kulungu na hujui za nani. Siku nyingine unamkuta mtu mzima anakoroma kwenye kochi lako kwa kuwa mashine ya joto ya kwake imezima. Unamfunika blanketi, unaendelea na mambo yako.

Verlyn aliingia hivyo hivyo siku Arlys alipomwita, akajimiminia kahawa, akasikiliza yote akitikisa kichwa.

"Bunduki hizi sita za kabatini nazichukua leo hii, shemeji," alisema. "Lakini ile ya Baba haitoki ukutani."

"Inatoka."

"Ni ya kale, Arlys! Ile si silaha, ni picha ya ukutani."

"Picha haina mtutu."

"Huyo afisa ni mtu wa hapa hapa. Ataelewa."

"Hatumwi kuelewa, Verlyn. Anatumwa kuangalia. Ataangalia juu ya mlango wangu ataona bunduki, na mwanangu atakwenda kulala chumbani kwa Rusty. Sasa niambie, unamtaka Joelle au unataka ukuta uliopambwa?"

Verlyn akanywa kahawa yote bila kuinua macho. Kisha akapanda kwenye kiti, akaiteremsha bunduki ya baba yake, akatoka nayo ameikumbatia kama mtoto mchanga anayetolewa hospitali kwenye baridi.

Arlys akabaki na nyumba, akaipekua. Alikuta risasi kwenye kopo la sukari, kwenye sanduku la ndoana, ndani ya viatu vya Harlan, na moja nyuma ya mashine ya kufulia, imefunikwa vumbi kama panya mfu. Kila alipoipata moja alimlaani marehemu kwa mapenzi, akaitia kwenye ndoo na kumpelekea jirani, Gordy Pelkey. Gordy aliipokea ndoo bila kuuliza. Ni mzee wa maneno machache ambaye kutwa nzima alikuwa nje na mashine yake ya kupasulia magogo, ile ya kusukuma gogo taratibu kwenye kabari ya chuma mpaka linapasuka lenyewe.

"Afisa anakuja lini?" Gordy aliuliza.

"Wiki ijayo, msimu ukishafunguliwa."

"Vizuri," alisema Gordy. Kwake hiyo ni hotuba.

Lakini afisa hakungoja wiki ijayo. Alikuja Ijumaa ile ile, jioni ya kuamkia msimu.

Ijumaa Arlys hukaanga samaki kwenye baa ya Tamarack, na siku hiyo watu wangejaa mpaka mlangoni, wote wamevaa rangi ya machungwa ya wawindaji, wakidanganyana kuhusu mapembe. Akitoka kazi yake ya mchana, alipitia nyumbani kubadilisha nguo. Alikuwa anakanyaga ngazi ya barazani simu ilipolia.

"Bi Brandvold? Mimi ni Pang Xiong, afisa wa parole. Nilikuwa huku kwa shughuli nyingine, nimeona nipite. Niko kwenye kona ya barabara yenu."

"Karibu sana," alisema Arlys, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Akasukuma mlango, akaingia jikoni, akainua macho.

Bunduki ilikuwa ukutani.

Ilikuwa pale pale pake, juu ya mlango, imepakwa mafuta, imeng'arishwa, na mdomoni imevishwa ile kofia ya machungwa. Mezani kulikuwa na keki ya tufaha na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Verlyn: "Kwa usiku huu tu. Kwa bahati. Nitaifuata asubuhi."

Mtu mwingine angezimia. Arlys hakuwa na nafasi ya kuzimia. Alipanda kiti, akaitwaa bunduki, akaifungua kuhakikisha haina kitu ndani, kwa mikono iliyofanya hivyo maelfu ya mara. Haikuwa na kitu. Akawaza kuificha chini ya kitanda. Akawaza kwenye theluji. Nje akasikia mashine ya Gordy ikinguruma.

Alivuka uzio na viatu vya kazini, bunduki mkononi, kofia ya Babu ikiwa bado imening'inia mdomoni mwa mtutu.

"Gordy, ondoa hilo gogo."

Gordy akaitazama bunduki. Akamtazama Arlys. Kule mwisho wa njia gari la serikali lilikuwa linakata kona. Akaondoa gogo.

Arlys alivua ile kofia akaitia mfukoni, maana kofia haikuwa na kosa. Akailaza bunduki mahali pa gogo, akavuta mkono wa mashine. Ile mashine haina papara. Ilisukuma, ikasukuma, kitako cha jozi kikalia *krraa*, kikapasuka katikati, na mtutu ukajikunja polepole kama mtu anayeinama kufunga kamba za viatu. Alipougeuza kuupitisha mara ya pili, mlango wa gari ulisikika ukifungwa nyuma yao.

Afisa Pang Xiong alikuwa msichana mfupi mwenye buti za theluji na uso usiosomeka kirahisi. Alisimama kwenye uzio. Akaitazama mashine, akatazama kilichomo.

"Hiyo ni nini?"

"Kuni," alisema Arlys.

Gordy akapatwa na kikohozi.

"Kuni zinazonukia mafuta ya bunduki," alisema afisa.

Arlys alikuwa na uongo mmoja mzuri, umeshaiva mdomoni, bado kuutema tu. Angeweza kusema ni ya Gordy. Gordy mwenyewe alishafumbua kinywa kuusaidia. Lakini Joelle alikwenda gerezani kwa sababu hakuuliza kilichokuwa ndani ya mzigo, na sasa mama yake ndiye alikuwa anataka kumfungia mzigo mwingine asioujua.

"Ilikuwa bunduki," alisema. "Ya baba mkwe wangu. Niliitoa nyumbani mwezi uliopita na shemeji yangu ameirudisha leo nikiwa kazini, kwa ajili ya bahati ya kulungu. Nimeikuta sasa hivi ulipopiga simu. Keki yake iko mezani, twende ukaione, na karatasi yake pia."

"Kwa hiyo ukaamua kuipasua."

"Sikuwa na muda wa kuamua. Nimeipasua tu."

Afisa hakucheka. Aliingia ndani, akafungua kabati, akainua magodoro, akatazama nyuma ya mashine ya kufulia, mahali pale pale pa ile risasi ya vumbi, na Arlys akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Aliona chumba cha juu kilichoandaliwa: kitanda, pazia jipya, taa ya kusomea. Alikaa kidogo pale mlangoni. Kisha akashuka jikoni, akainua macho juu ya mlango, ambapo ukuta ulikuwa umebaki na kivuli cheupe chenye umbo la bunduki.

"Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii?"

"Ufunguo?" Arlys alisema.

"Huyo shemeji yako aliingiaje?"

"Kwa mlango."

"Haufungwi?"

"Sijui hata kama unafungika."

Afisa akavuta kiti, akaketi, kwa mara ya kwanza akaonekana amechoka. "Bi Brandvold, bunduki nimeiona nayo imekwisha. Tatizo langu si bunduki. Tatizo langu ni mlango wako. Mwanao atakuwa amelala hapo juu. Mtu mwema ataingia kukusalimu, ataegemeza bunduki yake kwenye friji ili anywe kahawa. Mimi nitapita siku hiyo. Unajua nani atarudi gerezani? Si yule mtu mwema."

Arlys aliuona mlango wake kana kwamba umeletwa leo.

"Unataka nifunge mlango. Hapa. Alder Fork."

"Ndiyo."

"Watu watadhani nimewakasirikia."

"Watadhani."

"Nikiufunga, utamkubali mwanangu?"

"Sikuahidi kitu. Nitaandika yote niliyoyaona, na hiyo mashine ya jirani yako nitaiandika pia. Mkubwa wangu atacheka au atakataa. Simjui vizuri." Akasimama, akavuta zipu ya koti. Mlangoni akageuka. "Ile keki usiitupe. Haina kosa."

Gordy alifunga kitasa kipya jioni ile ile, kwa tochi, bila neno. Arlys alifika kwenye baa kwa kuchelewa, akakaanga samaki kama anayepigana nao. Asubuhi yake, kabla ya mapambazuko, Verlyn alikuja kuifuata bunduki yake kwa mwendo wake wa siku zote, kahawa akilini, mkono haujagusa kitasa vizuri lakini mwili umeshaingia. Alijigonga pua mpaka macho yakamtoka machozi.

"Arlys! Mlango umekwama!"

"Haujakwama," alisema sauti kutoka ndani. "Umefungwa."

Alipoelezwa kuhusu bunduki, Verlyn hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alikwenda kwa Gordy, akakusanya vipande kimoja kimoja kutoka kwenye theluji, akaviweka kwenye gari, akaenda zake porini. Msimu mzima hakuona kulungu. Wala binamu zake hawakuona. Habari zikaenea kwamba Arlys Brandvold amepasua bahati ya ukoo, kisha akajifungia ndani. Supu zikakoma. Watu walifika barazani wakashika kitasa kwa mazoea, wakakuta kigumu, wakaacha soseji zao kwenye ngazi na kuondoka bila kumwita, kama watu waliofukuzwa. Wengine waliacha kuleta.

Arlys alivumilia. Kilichomuuma ni kutojua. Oklahoma ilisema inasubiri Wisconsin, Wisconsin ikasema faili liko mezani kwa mtu. Krismasi ikaja ikaenda. Kwenye simu Joelle alianza kulitaja jina la Rusty bila kucheka.

"Anasema anaweza kunipatia kazi, Mama. Nafikiria tu. Kama wakikataa."

"Usifikirie."

"Nitakwenda wapi basi?"

"Nimesema usifikirie. Kufikiria kuhusu Rusty niachie mimi, nina shoka."

Hapo hapakuwa na kicheko.

Kisha Januari, siku ya baridi kali hata mate yanagandia mdomoni, simu ikalia mchana, na Joelle hakusalimia. Alikuwa analia kwa ile sauti inayoanzia puani.

"Wamekubali, Mama. Mkubwa wao amekubali. Wamesema, ngoja, wamesema eti kuna mtu ofisini huko amebandika taarifa ya ukaguzi wako ukutani. Mama, umefanya nini?"

"Nimepasua kuni," alisema Arlys, akakaa chini palepale, kwenye sakafu ya jikoni.

Alimfuata kwa gari. Angeweza kumtumia nauli ya basi, lakini hakutaka kuacha hata kituo kimoja ambapo Rusty angeweza kuwa anasubiri na maua. Alishuka Iowa, akashuka Missouri, akaikata Kansas kwenye upepo, na Joelle akatoka getini ameshika mfuko wa plastiki, amevaa nguo zilizompwaya. Walikumbatiana mpaka askari akawaambia wasogeze gari. Mfukoni Joelle alikuwa na kibali cha safari, na mara kwa mara alikigusa.

Hadithi ya bunduki Arlys aliisimulia Missouri, penye mvua. Joelle alisikiliza mpaka mwisho, akatazama nje, akatazama tena mama yake.

"Ile ilikuwa yangu, unajua."

"Najua."

"Ningeruhusiwa kuishika tena?"

"Hapana, mwanangu. Sheria haimruhusu aliyefungwa kama wewe. Maisha yako yote, hapana."

"Ikakunja shingo hivi?" Joelle akaigiza kwa mkono.

"Polepole. Kama inasali."

Hapo kile kicheko kikamtoka, kikamzidi nguvu, Arlys akalazimika kusimamisha gari pembeni kwa kuwa na yeye haoni njia.

Jumapili ya kwanza walialika watu kula. Gordy alikuja mapema, akaketi, hakusema kitu, akafurahi. Bakuli kubwa la viazi na nyama lilikuwa linatoka jikoni mlango uliposikika. Ngo, ngo, ngo. Hodi halisi. Wote wakatazamana, kwa maana aliyebaki kufika ni Verlyn, na hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia hodi yake.

Arlys akafungua. Verlyn alisimama pale na keki ya tufaha, pua nyekundu, huenda kwa baridi.

"Nimebisha," alisema.

"Nimesikia. Ingia."

Alimkumbatia Joelle muda mrefu, akamwita "mtoto wangu," akampapasa kichwa kama bado ana miaka kumi na miwili. Kisha akaketi, akakunja mikono juu ya meza.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kula, na kusikia neno moja tu kutoka kwa mama yako."

"Neno gani?" aliuliza Arlys, akipakua.

"Unalijua."

"Anko," alisema Joelle, "bunduki ilikuwa yangu. Mimi nimeshasamehe."

"Umesamehe kabla hajaomba! Ndivyo ulivyo wewe, unamwamini kila mtu, ndiyo maana uka..." Verlyn akajiuma ulimi. Uso wote ukamwiva mpaka kwenye upara. "Samahani, mwanangu. Hilo halikustahili. Na kuirudisha ile bunduki siku ile pia hakukustahili. Ningekurudisha kwa yule mpuuzi, na kwa nini? Kwa mkia wa kulungu. Nisamehe."

Joelle akaushika mkono wake. "Yamekwisha, Anko."

Verlyn akavuta pumzi, akajifuta macho, akamgeukia Arlys na uso wa mtu aliyekwisha kulipa sehemu yake.

"Haya. Mimi nimeomba. Zamu yako, shemeji."

Arlys aliweka bakuli chini. Akatazama juu ya mlango, kwenye kile kivuli cheupe ambacho alikataa kukipaka rangi. Msumarini palikuwa pamening'inia kofia ya machungwa, peke yake. Akamtazama binti yake, ameketi kwenye kiti chake cha zamani, anachovya mkate kwenye mchuzi kama zamani.

"Zamu yangu haipo," alisema. "Ingerudi ukutani leo, ningeipitisha tena mashineni, na kitako, na mtutu, na mlango wenyewe ningeufunga mara mbili. Sijutii, Verlyn, na siombi radhi, si leo wala msimu ujao. Sogeza sahani."